Zambarau Moja, Mikoba Sita: Kuzitaja Rangi za Ngozi ya Kifahari kwa Kiswahili

Katika makala haya tumeonelea tulijadili lalamiko ambalo walimu wa Kiswahili hapa Uganda hulisikia kila mwaka, nalo ni kwamba lugha hii haina rangi za kutosha. Wanafunzi hudai kwamba ukishataja nyeupe, nyeusi na nyekundu umemaliza, na kwamba zilizobaki zimeokotwa mashambani na jikoni: majani, majivu, kahawa, manjano. Lalamiko hili tumelikuta likiwa kali zaidi katika somo la tafsiri, tena mahali ambapo hatukulitarajia, yaani kwenye mikoba ya akina mama.

Zoezi lenyewe lilikuwa la mwaka wa tatu. Wanafunzi walipewa maelezo mafupi ya mikoba sita ya ngozi ya kampuni ya Hermès ya Ufaransa, kila mmoja ukiwa na jina la rangi yake: Raisin, Prune, Cassis, Parme, Améthyste na Cyclamen. Walitakiwa kuyaandika maelezo hayo kwa Kiswahili, kwa namna ambayo mfanyabiashara angeweza kumsomea mteja kwa simu. Karatasi nyingi zilirudi zikiwa na neno moja mara sita: zambarau. Kisarufi hakuna aliyekosea. Lakini mkoba wa aina hii, kama ule uitwao Birkin, huuzwa dukani kwa zaidi ya dola 10,000, na mteja aliyeagiza Parme akaletewa Raisin hatafarijika kwa kuambiwa kwamba zote ni zambarau. Ya kwanza ni hafifu kama ua lililoachwa juani. Ya pili, jioni taa zikiwa chache, huweza kudhaniwa ni nyeusi. Kwa hiyo swali la wanafunzi lilikuwa la haki: je, Kiswahili kinazitenga vipi rangi hizi? Jibu letu ni kwamba kinaweza kuzitenga vizuri sana, tena kwa njia ileile waitumiayo Wafaransa wenyewe, ila sisi walimu aghalabu huishia kwenye orodha ya rangi kumi ya kitabu cha mwaka wa kwanza.

Majina kutoka sokoni na bustanini

Hermès ilianzishwa mjini Paris mwaka 1837 na Thierry Hermès, fundi aliyetengeneza hatamu na vifaa vingine vya ngozi vya farasi. Mikoba ilikuja baadaye sana. Inayojulikana zaidi ni miwili: Kelly, uliopewa jina la Grace Kelly, mwigizaji wa Marekani aliyeolewa na mtawala wa Monaco, na Birkin, uliobuniwa mwaka 1984 kwa ajili ya mwimbaji na mwigizaji Jane Birkin. (Mkoba wa kwanza kabisa wa Birkin, ule alioutumia mwenyewe, uliuzwa kwa mnada mjini Paris mwezi Julai 2025 kwa euro milioni 8.6. Ulikuwa mweusi, kwa hiyo hautusaidii hapa.)

Sasa tuyatazame majina ya zambarau zao. Raisin ni zabibu. Prune ni plamu. Cassis ni tunda dogo jeusi la nchi za baridi, ambalo sisi tunalijua kwa soda na sharubati kuliko kwa mti wake. Améthyste ni kito. Cyclamen ni ua, na vivyo hivyo Iris, Anémone na Crocus, ambazo pia zimo katika orodha ya kampuni hiyo. Parme ni mji wa Parma wa Italia, uliosifika kwa maua yake ya rangi ya zambarau hafifu yenye harufu nzuri. Tosca ni opera ya Puccini, iliyochezwa mara ya kwanza Rome mwaka 1900. Ukiyajumlisha unapata matunda, maua, kito, mji mmoja na mchezo mmoja wa kuigiza kwa nyimbo. Hakuna hata moja lililozaliwa likiwa jina la rangi. Hata neno la kawaida la Kifaransa kwa rangi hii, violet, ni la ua.

Hapa ndipo mfasiri anayepitia Kiingereza huanguka. Katika Kifaransa, raisin ni zabibu mbichi ya mzabibuni. Katika Kiingereza, neno lililoandikwa kwa herufi zilezile ni zabibu kavu. Prune nayo ni hivyohivyo: kwa Mfaransa ni plamu mbichi, kwa Mwingereza ni plamu iliyokaushwa. Mwanafunzi aliyesoma Raisin kwa macho ya Kiingereza alituandikia ‘rangi ya zabibu kavu’, na mteja angetarajia mkoba wa kahawia. Mkoba wenyewe una rangi ya ganda la zabibu nyeusi, zambarau iliyozama karibu na weusi. Wanafunzi wetu watokao Kongo na Burundi, ambao wamesoma kwa Kifaransa, hawakupata taabu hii hata kidogo, na kwa mara moja walifurahi kuwa na cha kuwafundisha wenzao.

Mkoba haugeuki mti

Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walichapisha kitabu kuhusu majina ya msingi ya rangi katika lugha za ulimwengu. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha 20 walizozichunguza kwa kuwaonyesha wasemaji vipande vya rangi. Katika mpangilio wao, zambarau imo katika kundi la mwisho la rangi zinazopata jina la msingi katika lugha, pamoja na rangi ya waridi, ya chungwa na kijivu. Na jina ambalo pia ni jina la kitu hutiliwa shaka kama kweli ni la msingi. Wanafunzi wakisoma muhtasari wa nadharia hii hutoka wakiamini kwamba lugha inayosema ‘rangi ya zambarau’ haijakomaa. Kwa kipimo hicho Raisin, Cassis na Parme nazo zingeanguka mtihani, lakini hatujamsikia mtu akisema kwamba Kifaransa hakijakomaa.

Kilicho kweli ni kwamba Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua upatanisho wa ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine zote hupitia kiunganishi cha -a, nacho hupatana bila tabu: mkoba wa zambarau, mikoba ya zambarau, ngozi ya zambarau, vishikio vya zambarau. Anayetaka kuwa wazi zaidi ataongeza neno ‘rangi’: mkoba wa rangi ya zambarau. Kila mwaka tunakutana na mwanafunzi mwenye bidii anayeandika ‘mkoba mzambarau’ kwa kufuata mfano wa ‘mkoba mwekundu’. Mwanafunzi huyo amepanda mti, maana mzambarau ni mti na hauna budi kubaki mti.

Lakini ule utatu wa zamani una nguvu zake, na ni lazima mfasiri azijue. Neno -ekundu limejitwalia eneo kubwa. Ng'ombe mwekundu ni wa rangi ya hudhurungi, na kitunguu chekundu sokoni, ukikitazama vizuri, ni cha zambarau tupu. Mpakani mwa nyekundu na zambarau tuna jina ambalo kwetu sisi ni mojawapo ya majina bora ya rangi katika lugha hii, damu ya mzee, nyekundu nzito iliyoanza kugeuka. Kwa upande wa pili neno -eusi humeza chochote kilicho kizito. Ukimwambia mteja kwamba mkoba wa Raisin ni ‘mweusi mweusi hivi’, umesema jambo ambalo Mswahili yeyote angelisema barabarani, na umempoteza mteja.

Tunda linaloiva kwa ngazi

Turudi kwenye neno zambarau, kwa sababu wengi wa wanafunzi wetu hulijifunza kama rangi bila kujua kwamba wamelila. Mzambarau ni mti uliotoka Bara Hindi, wataalamu wa mimea huuita Syzygium cumini, na hapa Uganda tunda lake huitwa jambula. Tulipolitaja jina hilo darasani watu walicheka, kwani hakuna mtoto wa Kampala ambaye hajawahi kurudi nyumbani na ulimi uliochafuka kwa jambula. Kiganda kina neno lake la rangi hii, kakobe. Kiswahili kimechukua tunda.

Na tunda hili si la rangi moja. Likiwa changa ni la kijani. Likianza kuiva hugeuka waridi, kisha wekundu wenye zambarau ndani yake. Likiiva kabisa ganda lake huwa karibu jeusi, lenye kung'aa. Ukilitafuna, maji yake hupaka ulimi zambarau ya wazi ambayo haifanani na ganda. Basi katika tunda moja tuna ngazi nzima ambayo Hermès imeitafutia maua na matunda mbalimbali. Cyclamen ni zambarau inayoanza kuiva. Améthyste inakaribia maji ya zambarau. Raisin, Prune na Cassis zote ni za ganda la zambarau iliyoiva, na tofauti iliyobaki kati yao ni ya kuelekea: Prune inaelekea wekundu, Raisin inaelekea weusi. Hatukuazima neno lolote jipya hapo. Tumeuliza tu: zambarau ipi, ya lini?

Kamusi hutupa neno la pili, urujuani, kutoka Kiarabu. (Wanafunzi wasidanganywe na ile u- ya mwanzo; si kiambishi cha ngeli, ni sehemu ya neno.) Neno hili ni la zamani mno. Lina ndugu katika Kiebrania na katika Kiakadi cha Mesopotamia, nalo lilihusu rangi iliyotolewa kwa konokono wa baharini kwenye pwani ya Tiro, katika Lebanoni ya leo. Mwaka 1909 mwanakemia Paul Friedländer alitumia konokono 12,000 akapata gramu 1.4 za rangi hiyo, na hapo mtu huelewa kwa nini ilivaliwa na wafalme. Alipoichunguza aligundua kwamba kikemia ni ndugu wa nili. Katika Biblia ya Union Version, Lidia wa Thiatira, yule mfanyabiashara wa kitabu cha Matendo, huuza rangi ya zambarau. Yaani watafsiri walichukua tunda la mti wa Kihindi likasimama mahali pa konokono wa Lebanoni. Sisi twaona walifanya vyema. Msomaji wa Kiswahili aliuona mzambarau uani kwake, hakuwahi kumwona konokono yule.

Wanafunzi huuliza kama urujuani na zambarau ni kitu kimoja. Kwa asili, urujuani wa Kiarabu ulielekea wekundu. Lakini katika masomo ya sayansi neno hili limepewa ncha ya mwisho ya upinde wa mvua, baada ya nili, ile rangi ambayo Newton aliiweka ya saba katika kitabu chake cha mwaka 1704. Mwanga huo ni mmoja na unaelekea buluu. Zambarau tunayoipata kwa kuchanganya nyekundu na buluu haimo kwenye upinde wa mvua kabisa. Kwa hiyo katika kuandika kuhusu ngozi tumependekeza urujuani litumike kwa rangi zinazoelekea buluu, kama Iris na Crocus, na zambarau ibaki na zile zinazoelekea wekundu. Wenzetu wa pwani wanaojua Kiarabu huenda wakatucheka. Hata hivyo, maneno hufuata matumizi, na matumizi ya shuleni yamekwisha kuota mizizi.

Kwa wapenzi wa asili za maneno kuna lingine la kupita. Jina la lilaki, ile zambarau hafifu ya Ulaya, lilisafiri kutoka Kiajemi kupitia Kiarabu, na shina lake ni nil, yaani nili yetu ileile tuliyokuwa tukiitia kwenye shati jeupe la shule. Na rangi iitwayo mauve, ambayo pia ni jina la ua la Kifaransa, ilianza kutengenezwa viwandani baada ya mwaka 1856, pale William Perkin wa London, kijana wa miaka 18, alipokuwa akijaribu kutengeneza kwinini ya kutibu malaria akapata rangi badala ya dawa. Malaria ilibaki, lakini zambarau ikashuka bei.

Ngozi ina maneno yake

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba rangi huelea hewani. Katika mkoba rangi imo ndani ya ngozi, na ngozi hubadili kila kitu. Ngozi inayolainishwa kwa chumvi za kromiamu hutoka kwenye mapipa ikiwa na rangi ya samawati iliyochanganyika na kijivu. Ngozi nyingi za Afrika Mashariki huuzwa nje zikiwa katika hali hiyo, kabla ya kutiwa rangi yoyote. Baada ya hapo huzungushwa tena ndani ya mapipa pamoja na rangi inayotakiwa, na kila ngozi huinywa kwa namna yake.

Hermès huzipa ngozi zake majina pia. Box ni ngozi ya ndama iliyo laini na yenye kung'aa kama kioo. Zambarau nzito ikitiwa humo huonekana nyeusi mpaka mwanga uiguse. Togo ni ya ndama pia, lakini ina vipele vidogo vya asili, na rangi yake huonekana kama ina mawimbi, hafifu juu ya kipele na nzito bondeni. Clemence ni ya fahali mchanga, nzito na isiyo na mng'aro mwingi, ambayo huituliza rangi. Epsom hugandamizwa kwa mashine ipate vinyweleo vya sare, na rangi juu yake hutoka kali na sawasawa. Ya mbuzi ina mmeremeto wake. Kwa hiyo jina moja la rangi huweza kuwa zambarau tano, na msomaji anayelinganisha mikoba miwili yenye jina moja asidhani kwamba mmoja ni wa bandia kabla hajauliza ni ngozi gani.

Ni hapa ambapo Kiswahili kinatajirika, na utajiri wake haumo katika majina bali katika vitenzi. Kukolea ni kupenya na kushika, kama chumvi katika mchuzi. Rangi iliyokolea, au iliyokoza kama wasemavyo wengi, imeishika ngozi hadi ndani. Kufifia ni kuwa na nguvu kidogo, na si lazima kuwe kwa uzee: Parme ni zambarau iliyofifia hata ikiwa imetoka dukani leo. Kupauka ni jambo jingine. Ngozi iliyopauka imekosa mafuta na mng'aro, kama miguu ya mtoto aliyeoga asipakwe mafuta, nayo ikipakwa krimu hurudi. Kuchujuka ni rangi yenyewe kuondoka, kwa maji, kwa jua au kwa kuguswaguswa, na hiyo hairudi kwa krimu. Kuchuja ni kutoa rangi ikashika kitu kingine: mkoba unaochuja utaliharibu gauni jeupe la harusi.

Tofauti hizi zina thamani ya fedha. Mikoba hii huuzwa tena na tena mikononi mwa watu, na zambarau ni mojawapo ya rangi ambazo jua huziumbua upesi, kwani mara nyingi huwa ni mchanganyiko wa rangi ya kubuluu na ya kuwekundu, na moja hutangulia kuondoka kabla ya mwenzake. Muuzaji akiandika ‘umepauka kidogo kwenye pembe’ anauza mkoba unaohitaji krimu. Akiandika ‘umechujuka kwenye pembe’ anauza mkoba unaohitaji fundi. Tumekuta karatasi za wanafunzi ambazo zimetumia maneno haya mawili kwa kubadilishana, na tumekata alama bila huruma.

Jambo la mwisho la kitaalamu ni mwanga. Chini ya taa ya zamani ya waya, yenye wekundu mwingi, zambarau huelekea wekundu. Kivulini mchana huelekea buluu. Kamera nayo aghalabu huigeuza zambarau kuwa buluu kabisa, na ndiyo maana maelezo ya maneno bado yanahitajika hata picha zikiwapo. Kiswahili hulisema hili kwa urahisi kwa ‘ukiutazama’: ‘mkoba wa zambarau iliyokoza, ukiutazama juani unaonyesha wekundu’.

Baada ya mjadala huo darasa lilirudia zoezi, na tunanakili hapa matokeo tuliyoyakubali. Raisin ikawa ‘zambarau iliyoiva, inayoelekea weusi’. Prune ikawa ‘zambarau inayopakana na damu ya mzee’. Cassis ikawa ‘zambarau iliyokoza sana, yenye wekundu kwa mbali’. Améthyste ikawa ‘zambarau ya kung'aa, kama maji ya tunda’. Cyclamen ikawa ‘zambarau inayoanza kuiva, yenye uwaridi’. Kwa Parme darasa zima liliafikiana upesi kuliko tulivyofikiri: ‘rangi ya ua la jakaranda’, kwa kuwa Kampala na Nairobi kote mtu ameyakanyaga maua hayo yaliyodondoka barabarani na anajua yanavyofifia kufikia mchana.

Tosca, ambayo haikuwamo katika zoezi la kwanza, ililetwa na mwanafunzi mmoja aliyetaka kutupima. Ni zambarau iliyosogea mbali kuelekea waridi, kali kwa macho, na jina lake halina tunda wala ua la kushika. Baada ya mabishano ya nusu saa mtu alipendekeza bogenvilia, ile iliyotambaa juu ya nusu ya kuta za mji huu. Mwingine akapinga kwamba bogenvilia zipo pia nyeupe na za rangi ya chungwa. Ikabidi maelezo yarefuke kidogo, nayo yakaandikwa ubaoni hivi: ‘rangi ya bogenvilia, ile ya zambarau, iliyokoza’.